NJAA HAITATUPIGIA KURA



Kuna usemi umeenea katika barza zetu, na kila uchaguzi ukimalizika husikika tena, kama ulivyosikika baada ya huu wa Oktoba 2025. Husemwa: "Waacheni wapandishe bei. Mchele ukizidi kuwa ghali na karafuu ikizidi kuwa rahisi, watu watakuja wenyewe. Njaa itatupigia kura." Usemi huu ni mtamu kwa msemaji, kwani humpa ruhusa ya kukaa kitako na kungoja. Sisi twasema waziwazi kwamba ni usemi wa khatari, na aghalabu si wa kweli. Njaa haina kadi ya kupigia kura. Haiendi kwa sheha kujitambulisha. Wala haisimami mstarini tangu alfajiri. Anayefanya hayo ni mtu, na mtu mwenye njaa ana kazi nyingi za kufanya kabla ya kulifikia sanduku.

Hatukatai kwamba hali ya maisha hugeuza maoni ya watu. Nani atakataa, na Pemba ipo hapa mbele ya macho yetu? Mwanzoni mwa miaka ya 1980 tani moja ya karafuu iliuzwa katika soko la dunia kwa takriban dola 9,000. Kisha Indonesia, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa mnunuzi wetu mkubwa kwa ajili ya sigara zake za kreteki, ikapanda mikarafuu yake mwenyewe ikajitosheleza. Bei ikaporomoka, na kufikia katikati ya miaka ya 1990 tani ile ile haikufika dola 1,000. Mkulima hakuwa na pa kukimbilia, kwani sheria ililipa shirika la serikali peke yake haki ya kununua, na aliyevusha gunia usiku kwenda pwani ya Kenya aliitwa mhalifu wa magendo. Ulipokuja uchaguzi wa vyama vingi wa Oktoba 1995, Pemba ilikipa Chama cha Wananchi, CUF, majimbo yake yote 21. Kura za Urais wa Zanzibar zilitangazwa kuwa 50.2 kwa 49.8 katika kila 100. Hapana shaka Wapemba walikuwa na machungu mengine, ya tangu 1964 na kabla yake. Walakin karafuu isiyolipa ilikuwamo ndani ya kila sanduku.

Basi wenye usemi ule huishika khabari ya 1995 na kuifanya kanuni. Husahau jambo moja. Maoni si kura. Mtu anaweza kuikasirikia serikali kuanzia Januari hadi Disemba, na siku ya uchaguzi asionekane. Kati ya chungu kilicho kitupu na sanduku la kura kuna milango mitatu, na mwenye shida ndiye anayefungiwa yote mitatu.

Jambo hili halikuonekana kwetu peke yetu. Mwaka 1982 mtaalamu mmoja wa Marekani, Steven Rosenstone, alichapisha utafiti wake juu ya taabu za uchumi na kuhudhuria kura nchini kwake. Alionyesha kwamba mtu aliyepoteza kazi au aliyezidiwa na ukata, badala ya kukimbilia kituoni kwa hasira, aghalabu hujitoa katika siasa. Fikra zake zote zimo katika kutafuta riziki ya siku ile, na siasa huiona kuwa kazi ya wenye nafasi. Ikiwa ni hivyo katika nchi tajiri kama ile, itakuwaje kwa mchumaji wa karafuu anayelipwa kwa pishi?

Mlango wa kwanza ni siku yenyewe. Tuhesabu: 1995, 2000, 2005, 2010, 2015, 2020, 2025. Kura zote hizi zilipangwa mwezi wa Oktoba. Na Oktoba, kama ajuavyo kila mtoto wa Wete na Mkoani, imo katikati ya msimu wa karafuu. Karafuu haingoji tume ya uchaguzi. Kikonyo kilichoiva lazima kichumwe kabla ya ua kufunguka. Likifunguka, thamani imekwenda. Msimu mkubwa nao hauji kila mwaka, na mwenye nyumba hutaraji kulipia kwa msimu mmoja madeni ya miaka miwili au mitatu. Tazama pia pwani ya mashariki ya Unguja, Paje na Jambiani, ambako wengi wa wakulima wa mwani ni wanawake. Kazi yao hufuata bamvua, maji yanapotoka mbali. Siku za maji mafu hawawezi kufanya kitu. Siku ya kura ikiangukia bamvua, mama yule huchagua baina ya mstari na mwani ambao kwa miaka mingi umeuzwa kwa shilingi mia chache tu kwa kilo. Akichagua mwani, tutamwita mvivu? Tutamwita msaliti? Afisa hukosa saa tatu za ofisini na mshahara wake uko pale pale. Kibarua hukosa saa tatu akakosa chakula cha jioni.

Wala mtu asiseme kwamba kura ya mchumaji mmoja si kitu. Katika uchaguzi wa Januari 1961 jimbo la Chake Chake lilichukuliwa na Afro-Shirazi kwa kura moja tu. Kwa kura ile moja chama hicho kilipata viti 10, Hizbu wakapata 9, na chama cha Watu wa Zanzibar na Pemba, ZPPP, kikapata 3. Hawa watatu walipogawanyika, wawili huku na mmoja kule, Baraza likawa 11 kwa 11, na nchi ikarudishwa kwenye uchaguzi mwezi wa Juni mwaka ule ule, uchaguzi ambao ghasia zake ziliua watu 68. Nani ajuaye ni mtu gani siku ile ya Januari alibaki shambani kwake Chake Chake, akidhani kwamba mmoja hapungui?

Mlango wa pili ni daftari. Zamani ubaguzi wa mali uliandikwa wazi. Katika uchaguzi wa kwanza wa Julai 1957 aliyeruhusiwa kupiga kura ni mwanamume aliyetimiza masharti ya umri na ya elimu, mali au mapato. Wanawake hawakuwamo kabisa, wakaingia 1961 kwa masharti, na ni uchaguzi wa Julai 1963 tu uliowakubali watu wazima wote. Leo hapana anayeulizwa ana mali gani. Lakini fauka ya kitambulisho cha Mzanzibari na kutambuliwa na sheha, lipo sharti la ukaazi. Kwa uchaguzi wa 1995 mtu alitakiwa awe amekaa jimboni miaka 5 mfululizo. Baadaye ikawa miezi 36. Sasa tazameni nani huhama katika visiwa hivi. Hahami mwenye duka lake na nyumba ya mawe. Huhama kijana wa Micheweni aliyekosa kazi akaja Mjini kuuza vitu barabarani. Huhama mvuvi anayekwenda dago. Huhama aliyevuka kutafuta biashara Kariakoo, Dar es Salaam. Umasikini humhamisha mtu, kisha sheria humnyima kura kwa sababu amehama. Na anayetaka kuifuata haki yake hutakiwa kwenda na kurudi, leo kwa sheha, kesho wilayani, keshokutwa arudi kwa kuwa cheti hakikutimia. Na kila safari ina nauli yake.  Mvutano wa Pemba wa 2009, uandikishaji ulipokwama kwa sababu ya vitambulisho, ulitufundisha sote kwamba uchaguzi waweza kupotea mwaka mzima kabla ya siku ya kura.

Kwa hiyo tunapozisoma hesabu za wahudhuriaji, tusidanganyike. Ikisemwa kwamba wamehudhuria watu 90 katika kila 100, maana yake ni 90 katika 100 walioandikwa. Aliyeshindwa mlangoni mwa sheha hamo katika hesabu ile, si kwa waliokuja wala kwa wasiokuja. Ni kana kwamba hakuzaliwa.

Mlango wa tatu ni utegemezi, nao ndio mzito. Wazee wetu wanakumbuka, au walisimuliwa na wazazi wao, yaliyowapata maskwota wa Unguja. Mtu alikaa katika shamba la mwenyewe, akapanda muhogo na migomba chini ya mikarafuu, na badala ya kodi akayapalilia yale mashamba. Yalikuwa makubaliano ya mdomo, yaliyodumu kwa miaka mingi. Hizbu waliposhindwa viti vyote walivyogombea katika kura za 1957, baadhi ya wenye mashamba waliwafukuza maskwota waliodhaniwa kuwa wamepigia kura upande mwengine. Waliofukuzwa na wenzao nao wakajibu kwa kugoma kupalilia, na mwaka 1958 ukaja mgomo wa kutonunua katika maduka ya Waarabu na Wahindi. Kura moja ya siri iligeuka kuwa vita vya muhogo na chumvi. Funzo lake halijachakaa: anayeishika riziki ya mtu hutamani kuishika na kura yake, na sanduku haliwi la siri kwa mtu ambaye jirani zake wote wanajua anakula kwa nani.

Siku hizi aghalabu si mwenye shamba anayefukuza. Lakini wako watu wanaoogopa kazi ya mtoto wao aliyeajiriwa jana. Wako wanaoogopa kukosa barua ya sheha. Wako wanaoogopa jina lao kuachwa siku misaada inapogawiwa. Na wako wanaopelekewa khanga na sukari usiku wa kuamkia kura. Sisi hatuwacheki. Mkono mtupu haulambwi, na aliye na watoto watano hawezi kuirudisha sukari kwa ajili ya kupigiwa makofi na sisi. Wahenga walisema: mtumikie kafiri upate mradi wako. Sukari huliwa siku tatu. Kura hukaa miaka mitano. Kazi yetu ni kumhakikishia mama yule kwamba mle ndani ya kijumba cha kura yuko yeye na Mola wake tu, na kwamba aliyekula cha mtu hakuuza kitu ikiwa hakukubali kukiuza. Tukimtukana, tunampeleka kwa waliompa sukari, na safari hii ataipa kura yake kwa moyo mkunjufu.

Tumeitaja milango mitatu ambayo umasikini huifunga. Lakini juu ya yote hayo kuna jambo ambalo, likiwapo, watu huivunja milango yote. Na lisipokuwapo, hata wenye shibe hubaki nyumbani. Nalo ni imani kwamba kura itahesabiwa na itafanya kazi.

Ushahidi wake ni huu. Mwaka 1963 nchi ilikuwa na wasomi wachache na barabara chache, lakini walihudhuria takriban watu 99 katika kila 100 walioandikwa. Waliamini kwamba siku ile inaamuliwa nani atapokea Uhuru. Matokeo yake yaliwaonjesha wengi uchungu, kwa kuwa Afro-Shirazi walipata kura 54 katika kila 100 na viti 13 tu katika 31, na yaliyofuata Januari 1964 yanajulikana. Tukaja 2010. Mwezi wa Julai watu 66 katika kila 100 waliopiga kura ya maoni walikubali Serikali ya Umoja wa Kitaifa, na mwezi wa Oktoba walihudhuria karibu 90 katika kila 100, uchaguzi ukapita kwa amani. Kisha tarehe 25 Oktoba 2015 watu wakajipanga tena. Siku tatu baadaye Mwenyekiti wa Tume akautangaza uchaguzi wote kuwa umefutwa. Ulipoitishwa wa marudio tarehe 20 Machi 2016, CUF ikausia, na kwa hesabu ya Tume yenyewe walihudhuria watu 68 katika kila 100. Mgombea wa chama kinachotawala akapewa kura 91 katika kila 100.

Tuulize basi: baina ya Oktoba 2015 na Machi 2016 ni miezi mitano. Je, katika miezi mitano ile watu walitajirika hata wasiwe na haja ya kura? Au walifilisika hata washindwe kutembea hadi skuli ya kijijini? Havikuwa hivyo wala hivyo. Chungu kilikuwa kile kile, na mchele ule ule. Kilichobadilika ni kwamba maelfu ya watu waliona kura waliyoipiga Oktoba imetupwa, na chama chao kikawaambia wasiende mara ya pili. Hapa ndipo usemi wa "njaa itatupigia kura" unapovunjika kabisa. Njaa ilikuwapo mara zote mbili.

Na kuna ubaya mwengine katika usemi ule, nao ni ubaya wa moyo. Chama kinachoombea njaa kitafanya nini siku mvua njema itakaponyesha? Tuseme haki. Kuanzia 2011, Serikali ya Umoja wa Kitaifa ilipokuwa madarakani, bei ya karafuu anayolipwa mkulima ilipandishwa sana hata ikapita shilingi 10,000 kwa kilo. Wanachama wetu walioanika karafuu zao walifurahi, na walikuwa na haki ya kufurahi. Je, tulitakiwa tuvae nguo za msiba? Mpiga kura si mjinga. Huipima serikali kwa yaliyompata, kisha hutupima na sisi kwa tutakayomfanyia. Akituona tunang'aa bei zinapopanda, atajua kwamba shida yake ndiyo mtaji wetu, na hatatuamini. Kumwambia mtu kwamba ana njaa si siasa. Hilo alilijua kabla hatujabisha hodi. Siasa ni kumwambia nani ataruhusiwa kununua karafuu yake, mizani itakaguliwa na nani, na fedha yake atalipwa siku gani.

Kwa hiyo tunayataka matawi yetu yafanye haya, wala yasingoje mwaka wa uchaguzi.

Kwanza, kila tawi liwe na daftari lake la nyumba: nani ana kitambulisho, nani hana, nani amehamia na lini, nani anatimiza umri wa kupiga kura. Aliyekwama kwa sheha asiende peke yake mara ya pili. Aende na wawili wa tawi, kwa adabu na kwa sheria mkononi.

Pili, tuandae zamu za kazi. Nyumba tano za wachumaji zikubaliane: hawa waende kura asubuhi, wale wabaki mikarafuuni, kisha wabadilishane. Wakulima wa mwani wafanye vivyo hivyo, na mwenye watoto wadogo apate wa kumwangalilia. Hatusemi fedha itolewe. Kununua kura ni haramu hata anunuapo rafiki. Twasema mikono itolewe. Haba na haba hujaza kibaba, na ushirika huu ulikuwapo vijijini kabla ya vyama vyote.

Tatu, mikutano yetu ipunguze matusi na izidishe hesabu. Atakayesimama kusema juu ya karafuu, aseme kwa kilo na kwa shilingi. Atakayesema juu ya mwani, awe ameuliza wanaoulima.

Nne, tuisimamie kura baada ya kupigwa kwa bidii ile ile tuliyoitumia kuiomba. Mawakala wetu wafunzwe, walishwe, na waijue sheria; kwani kila kura inayopotea kituoni humrudisha nyumbani mpiga kura mmoja wa uchaguzi ujao, na humrudisha akiwa amekata tamaa.

Tunajua kwamba wengi wenu mmechoka. Wako waliosimama mstarini tangu 1995, wakahesabu chaguzi kwa mvi zao, wakawazika waliokuwa nao, na Februari 2021 wakamzika Maalim Seif mwenyewe. Hatuwaambii kwamba mara ijayo mambo yatakuwa mepesi. Tunawaambia kwamba wanaotutawala wangependa sana tuamini usemi ule wa barazani, tukae tungoje bei zipande. Mtu anayengoja njaa imfanyie kazi hasumbui mtu.

Basi tusingoje. Daftari la tawi lifunguliwe wiki hii, na nyumba ya kwanza kuandikwa iwe ile ambayo haikwenda kura mara iliyopita. Tuingie kwa salamu, tukae chini, na kabla ya kusema lo lote tuwaulize: ni kitu gani kilichokuzuieni? Kisha tusikilize mpaka wamalize.